Vumbi Lisiloonekana: Kuzalisha na Kupima Chembenano za Hewani kwa Ajili ya Uchunguzi wa Afya

1. Utangulizi

Kiswahili hakikosi majina ya vitu vielekeavyo hewani. Tuna vumbi lipeperukalo barabarani, moshi upandao kutoka mekoni, masizi yagandayo darini, jivu lipulizwalo na upepo, mvuke utokao chunguni na ukungu utandao alfajiri. Tukiyatazama majina haya kwa makini tutaona kwamba takriban yote yamejengwa juu ya asili ya kitu na wala si juu ya ukubwa wake. Vumbi latoka ardhini, moshi watoka motoni, ukungu watoka majini. Kwa shughuli za kila siku mgawanyo huu watosha kabisa, maana mtu aonaye moshi hutafuta moto, na aonaye vumbi hutafuta ufagio au maji ya kunyunyiza.

Mapafu ya binadamu, hata hivyo, hayagawi hivyo. Kabla chembe haijapata nafasi ya kudhuru kwa kemikali zake, kwanza huchujwa kwa ukubwa wake: nyingine hunaswa puani, nyingine kooni, nyingine hupenya hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa ambamo damu hupokea oksijeni. Kwa hiyo mtafiti wa afya hana budi kuuliza swali ambalo majina yetu ya kawaida hayaliulizi, yaani, kitu hiki kielekeacho hewani kina ukubwa gani, na viko vingapi?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watafiti wanavyozalisha kwa makusudi chembe ndogo mno za hewani, jinsi wanavyozihesabu ingawa hazionekani hata kwa hadubini ya kawaida, na mambo waliyoyagundua kutokana na kazi hiyo. Shabaha yetu si kumfundisha msomaji kuendesha mitambo. Shabaha ni kumwonyesha kwamba namna ya kupima ndiyo iamuayo ni kitu gani kitakachoitwa hatari, na kwamba kitu kisichopimwa aghalabu hakipati jina katika sheria wala katika mazungumzo ya watu. Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wanafunzi wa lugha kama linavyowahusu wanafizikia na waganga.

Yafaa tukubaliane mapema kuhusu istilahi mbili. Neno nano lina asili ya Kigiriki, nalo maana yake ni kibeti. Katika vipimo lasimama badala ya sehemu moja ya bilioni. Tutaziita chembe zenye kipenyo cha kati ya nanomita 1 na nanomita 100 chembenano. Istilahi ya pili ni erosoli. Hii si chembe peke yake, bali ni chembe ngumu au matone pamoja na hewa iyabebayo. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa, kama tutakavyoona, tabia ya chembe hubadilika kadiri hewa iliyoizunguka inavyobadilika.

2. Idadi, uzani na eneo la uso

Milimita moja ina nanomita milioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 70,000. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000, na virusi vingi vina ukubwa unaokaribia nanomita 100. Chembenano basi huanzia kwenye ukubwa unaokaribia ule wa virusi vingi, na kushuka chini.

Ugumu wa kwanza unaotokana na udogo huu ni wa hesabu. Chukua punje moja ya vumbi yenye kipenyo cha mikromita 10, ambayo ni sawa na nanomita 10,000. Kisha chukua chembe zenye kipenyo cha nanomita 100, za kitu kile kile. Kipenyo cha punje ni mara 100 ya kipenyo cha chembe. Lakini uzani hufuata ujazo, na ujazo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu. Hivyo basi, ili kuipata punje moja kwenye mizani, zahitajika chembe milioni moja. Zikiwa ni chembe za nanomita 10, zahitajika bilioni moja.

Eneo la uso nalo lina kanuni yake. Zile chembe milioni moja za nanomita 100, ijapokuwa uzani wake ni sawa na punje moja, jumla ya nyuso zake ni mara 100 ya uso wa punje hiyo. Na uso ndipo mahali ambapo kitu hukutana na mwili: kemikali hushikamana hapo, na seli huguswa hapo.

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwa chembenano methali hii yafaa kutafakariwa upya. Haba hizi zaweza kuingia mwilini kwa mamilioni kila pumzi na kibaba kisijae, maana mizani haizihisi. Mpimaji ategemeaye kibaba peke yake atasema kwamba hakuna kitu, ilhali vitu ni vingi kupita kiasi.

3. Hewani, puani, mapafuni

Chembe kubwa zina uzito wa kutosha kushindwa kupinda kona. Hewa ipindapo ndani ya pua na koo, chembe hizo huendelea kwenda mbele kwa kasi yake na kugonga utando wenye unyevu. Nyingine huanguka tu kwa uzito wake katika njia za hewa. Chembenano hazifanyi hivyo. Hizo husukumwa huku na huko na molekuli za hewa, kama boya jepesi lisukumwavyo na mawimbi madogo madogo kutoka kila upande, hata zikagusa ukuta wa karibu na kunata.

Katikati ya tabia hizi mbili pana chembe zenye kipenyo cha nanomita 300 hivi. Hizi ni ndogo mno kuanguka upesi na ni kubwa mno kusukumwa upesi na molekuli. Kwa hiyo nyingi kati yake huingia mapafuni na kutoka tena pamoja na pumzi. Tukishuka chini zaidi, kiasi kibakiacho huongezeka. Kwa mujibu wa kielelezo cha njia za pumzi kilichotolewa mwaka 1994 na tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, yapata nusu ya chembe za nanomita 20 zivutwazo kwa pua hubaki katika vifuko vya hewa. Walakini mtu asidhani kwamba kila kilicho kidogo zaidi huenda ndani zaidi. Chembe za nanomita 1 husukumwa kwa nguvu mno hata nyingi zikanaswa puani kabla ya kufika popote.

Kutokana na maelezo haya twapata viwango vitatu ambavyo mtafiti hapaswi kuvichanganya: kiasi kilichoko hewani, kiasi kipitacho puani, na kiasi kibakiacho mapafuni. Kiambishi chetu -ni chatosha kabisa kuvitenganisha, na mwandishi wa Kiswahili aandikaye juu ya jambo hili hana haja ya kuazima neno lolote. Chombo kilichotundikwa ukutani hupima kile cha hewani. Kile cha puani hutegemea pia muda ambao mtu amekaa mahali hapo na kasi ya kupumua kwake. Mtu atwangaye mahindi huvuta hewa nyingi kuliko aliyeketi barazani. Kile cha mapafuni hutegemea hayo yote pamoja na ukubwa wa chembe.

4. Kwa nini vumbi litengenezwe

Huenda msomaji akauliza: kwa kuwa barabara na meko yetu tayari yamejaa chembe, kuna haja gani ya kuzitengeneza nyingine katika maabara? Jibu ni kwamba hewa ya barabarani ni mchanganyiko. Ndani yake mna masizi ya dizeli, vumbi la matairi na breki, chumvi, gesi, na maji. Mtu akiugua baada ya kuivuta, hatuwezi kusema ni kipi kilichomdhuru. Ili kutenganisha sababu na visingizio, mtafiti huhitaji erosoli ambayo chembe zake ni za kitu kimoja kijulikanacho, za ukubwa ujulikanao, na ambayo kiasi chake hakipandi wala kushuka kwa muda wote wa jaribio.

Mfano mashuhuri watoka katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, Marekani, ambako Juraj Ferin, Günter Oberdörster na wenzao walifanya majaribio yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Panya walivutishwa daioksaidi ya titani, ile poda nyeupe itumiwayo katika rangi za kupaka. Kundi moja lilipewa chembe za nanomita 20 hivi na jingine za nanomita 250 hivi, na uzani wa poda katika hewa ulikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili. Kama uzani ndio ungekuwa kipimo cha haki, madhara yangelingana. Hayakulingana. Chembe ndogo zilileta uvimbe mkali zaidi katika mapafu. Lakini watafiti walipokitaja kipimo kwa eneo la uso badala ya uzani, matokeo ya makundi mawili yaliangukia mstari mmoja.

Funzo hilo halikubaki maabarani. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani ishughulikiayo usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza viwango viwili mbalimbali kwa poda hiyo moja: miligramu 2.4 kwa kila mita ya ujazo kwa chembe za kawaida, na miligramu 0.3 kwa zile ndogo mno. Kitu ni kile kile na kemikali ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa tu, nao ukubwa umebadili kiwango kinachopendekezwa.

5. Namna za kuzalisha

Ziko njia kadhaa za kuzalisha chembenano za hewani, nasi tutazitaja nne.

Ya kwanza ni kunyunyiza na kukausha. Kitu huyeyushwa katika maji, kisha hewa yenye shindikizo hupulizwa ili kuyavunja maji hayo yawe matone madogo. Matone yakaushwapo hubaki kile kilichoyeyushwa. Ukubwa wa chembe itakayobaki waweza kukadiriwa mapema. Ikiwa sehemu moja katika milioni ya ujazo wa tone ni chumvi, basi kipenyo cha punje ya chumvi kitakuwa sehemu moja katika mia ya kipenyo cha tone; tone la mikromita 2 litaacha punje ya nanomita 20. Njia hii ni nyepesi lakini ina mtego. Maji yenyewe hayakosi uchafu kidogo, na uchafu huo hubaki kama chembe hata pale ambapo mtafiti hakuyeyusha kitu chochote. Asiyelipima tone tupu kwanza atauhesabu uchafu wa maji kana kwamba ndio dawa yake.

Ya pili ni tanuri. Kitu kama vile fedha huwekwa katika mrija uliopashwa joto lipitalo nyuzi 1000 za Selsiasi, nacho kikatoa mvuke. Gesi safi huuchukua mvuke huo hadi mahali penye baridi, na hapo mvuke hugeuka kuwa chembe. Jambo hili halina tofauti na pumzi ya mtu igeukayo ukungu asubuhi ya baridi kule Limuru, isipokuwa kwamba hapa kinachoganda ni madini.

Ya tatu ni cheche. Ncha mbili za madini au za grafiti huwekwa zikitazamana, pakiwa na pengo dogo katikati, ndani ya gesi kama nitrojeni au agoni. Umeme wa volti maelfu kadhaa huruka pengo hilo tena na tena. Kila cheche huyeyusha na kugeuza mvuke kiasi kidogo mno cha ncha, na mvuke huo hupoa ghafula ukawa chembe za nanomita chache tu. Namna hii ilielezwa mwaka 1988 na Schwyn, Garwin na Schmidt-Ott. Sifa yake kubwa ni usafi, maana hakuna maji wala sabuni wala kemikali nyingine iliyoingizwa.

Ya nne ni mwali wa moto uliodhibitiwa, ambamo gesi kama propani huunguzwa kwa hewa isiyotosha ili itoe masizi ya aina moja siku zote. Hutumiwa pale ambapo watafiti wataka kitu kifananacho na moshi wa injini bila kutegemea tabia za injini.

Kuzalisha chembe, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzifikisha kwa mvutaji zikiwa bado zilivyokuwa. Chembe zikigongana hushikamana, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo zigonganavyo upesi. Hewa yenye chembe milioni 100 katika kila sentimita ya ujazo hupoteza nusu ya idadi yake kwa sekunde 20 hivi. Yenye chembe milioni moja hupoteza nusu kwa muda upatao nusu saa. Yenye chembe 10,000 huchukua zaidi ya siku mbili. Uzani haupungui hata kidogo, kwa sababu hakuna kilichoondoka. Kilichotokea ni kwamba chembe nyingi ndogo zimekuwa chembe chache kubwa. Ndiyo maana mtafiti huchanganya erosoli yake na hewa safi mara tu baada ya kuizalisha, na hutumia mirija mifupi. Aidha mirija yenyewe haina budi kuwa ya madini au ya kitu kipitishacho umeme, kwa sababu mpira na plastiki za kawaida hukusanya chaji na kuzinyonya chembe njiani.

6. Namna za kuhesabu

Twawezaje kuhesabu kitu ambacho nuru yenyewe yakipita bila kukitambua? Chembe zilizo ndogo kuliko wimbi la nuru hutawanya nuru kidogo mno: kipenyo kikipungua kwa nusu, nuru itawanywayo hupungua mara 64. Vyombo vipimavyo vumbi kwa mtawanyiko wa nuru, ambavyo ni vyepesi na vinabebeka, huona vizuri chembe za mikromita lakini ni kama vipofu mbele ya chembenano.

Ufumbuzi ulitokana na uchunguzi wa mawingu. Mskoti John Aitken alionyesha katika karne ya 19 kwamba mvuke wa maji katika hewa ya kawaida huhitaji chembe ya kuanzia ili ugeuke kuwa tone, na kufikia mwisho wa miaka ya 1880 alikuwa ametengeneza chombo cha kuhesabia chembe hizo. Alifungia hewa yenye unyevu ndani ya chombo, akaitanua ghafula ili ipoe, na kila chembe ikajivika maji. Matone yalianguka juu ya kibao kilichochorwa miraba, naye akayahesabu kwa kioo cha kukuzia. Dalili ya mvua ni mawingu. Aitken alituonyesha kwamba dalili ya chembe nayo ni wingu.

Kihesabio cha siku hizi chafuata hekima ile ile. Hewa hupitishwa juu ya kitambaa au sifongo iliyolowa butanoli yenye joto, kisha katika mrija wenye baridi. Mvuke wa butanoli hugandamana juu ya kila chembe, hata chembe ya nanomita chache ikavimba na kuwa tone la mikromita kadhaa. Matone hupita moja moja mbele ya nuru ya leza, na kila mmweko huhesabiwa. Chombo hiki hutoa jibu moja tu, nalo ni idadi. Kikishaivika chembe joho lake la butanoli, ukubwa wake wa awali hufichika.

Ili kuujua ukubwa, chembe hugawanywa kabla ya kuhesabiwa. Kwanza hupitishwa karibu na chanzo cha mionzi dhaifu ili chaji zake ziwe katika hali ijulikanayo. Kisha huingizwa katika mtungi wenye nguzo ya madini katikati, na kati ya nguzo na ukuta hupita hewa safi kwa utulivu. Nguzo ipewapo umeme huzivuta chembe zenye chaji. Ndogo huvutwa upesi na kuigusa nguzo mapema, kubwa huchelewa na kupita, na zile za ukubwa mmoja tu ndizo zifikazo sawasawa kwenye ufa ulio upande wa chini. Ukibadili volti, wabadili ukubwa wa chembe zitokazo. Knutson na Whitby wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikieleza chombo hiki mwaka 1975, na mwaka 1990 Wang na Flagan walionyesha jinsi ya kubadili volti mfululizo bila kusimama, hata orodha nzima ya ukubwa ikapatikana kwa dakika chache.

Hata mgawanyo huu una kasoro ambayo yapaswa kusahihishwa kwa hesabu: chembe kubwa iliyobeba chaji mbili hujifanya kuwa ndogo. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hategemei shahidi mmoja. Hukusanya chembe nyingine juu ya chujio na kuzipima kwenye mizani nyepesi, na nyingine huziweka chini ya hadubini ya elektroni ili aone kama ni duara, ni nyuzi, au ni vichane vya chembe zilizoshikamana. Na kabla ya yote hayo, hupitisha hewa iliyochujwa kabisa, na kihesabio chapaswa kusema sifuri. Kikisema kingine, kazi ya siku hiyo haianzi.

7. Dhahabu katika damu

Faida ya ufundi huu yaonekana vizuri katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Edinburgh, Uskoti, pamoja na wenzao wa Uholanzi. Swali lao lilikuwa la miaka mingi. Ilikuwa inajulikana kwamba moshi wa magari waumiza moyo. Mathalani, mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya majaribio yaliyofanywa kwa wanaume 20 waliokuwa wamewahi kupatwa na shambulio la moyo. Walipovuta moshi wa dizeli uliopunguzwa makali huku wakifanya mazoezi, mioyo yao ilionyesha dalili kubwa zaidi za kukosa damu kuliko walipovuta hewa safi. Lakini je, chembe zenyewe hupenya kutoka mapafuni hadi katika damu, au mapafu ndiyo yatumayo habari ya uvimbe? Masizi hayawezi kujibu swali hili kwa urahisi, kwa kuwa kaboni imejaa kila mahali mwilini.

Watafiti walichagua dhahabu. Dhahabu haichangamani na vitu vingine kwa urahisi, mwilini haimo isipokuwa kwa kiasi kidogo mno, na mitambo ya kemia yaweza kuitambua hata ikiwa ni chembe za kuhesabika. Chembenano za dhahabu zilizalishwa kwa cheche, zikapimwa, na wanaume 14 wenye afya wakazivuta kwa hiari yao. Dhahabu ilionekana katika damu na mkojo ndani ya muda wa dakika 15 hadi saa 24, na baada ya miezi 3 ilikuwa ingalipo. Chembe za nanomita 5 zilipenya zaidi kuliko zile za nanomita 30. Kisha wagonjwa waliokuwa wakingojea kupasuliwa mshipa wa shingo, kwa sababu mafuta yalikuwa yameuziba na kuwatia katika hatari ya kiharusi, walivuta chembe hizo kabla ya upasuaji. Dhahabu ilikutwa ndani ya uchafu uliotolewa mshipani mwao, yaani mahali pale pale penye ugonjwa.

Msomaji ataona kwamba jibu hili lisingepatikana kwa mizani peke yake, wala kwa kusimama kando ya barabara. Lilihitaji vumbi lililotengenezwa kwa makusudi, na mtu awezaye kusema kwa hakika vumbi hilo lilikuwa la ukubwa gani.

8. Jiko la kuni

Tukirudi kwetu Kenya, uchunguzi wa Majid Ezzati na Daniel Kammen katika eneo la Mpala, Laikipia, uliochapishwa mwaka 2001, ungali ni wa kuheshimiwa. Watafiti hao walifuatilia nyumba 55 zenye watu 345, wakapima moshi ndani ya nyumba na kuorodhesha maradhi ya njia za pumzi. Waligundua kwamba maradhi huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini kasi ya ongezeko hupungua baada ya kiasi cha mikrogramu 1000 hadi 2000 kwa kila mita ya ujazo. Maana yake ni nzito: kuupunguza moshi mwingi mno ukawa mwingi tu hakumletei mama na mtoto nafuu ya kutosha. Lazima upungue sana.

Moshi ule ulipimwa kwa vyombo vya mtawanyiko wa nuru, na kwa chembe zifikiazo hadi mikromita 10. Kwa swali lililoulizwa, kipimo hicho kilifaa. Lakini siku hizi majiko bora yauzwa kwa ahadi ya kupunguza moshi, na ahadi hiyo aghalabu hutajwa kwa uzani. Jiko liunguzalo kuni vizuri zaidi huyaondoa masizi mazito, na jicho la mpishi lamwambia kwamba hewa imesafika. Ikiwa chembe kubwa zimeondoka, chembe ndogo hukosa kitu cha kushikamana nacho, hivyo hukaa hewani kwa muda mrefu zaidi zikiwa bado ndogo. Yawezekana basi uzani ukashuka bila idadi kushuka kwa kiasi kile kile. Hii si hoja ya kuyakataa majiko bora. Uzani uliopungua ni faida ya kweli, na macho yasiyochuruzika machozi ni faida nyingine. Ni hoja ya kudai kwamba jiko lipimwe kwa mizani na kwa kihesabio, kisha mama aambiwe yote mawili.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kuelekea huko. Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, uzani wa chembe zisizozidi mikromita 2.5 uliwekewa kikomo cha mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kwa chembe ndogo mno halikuweka kikomo, bali lilishauri zihesabiwe, na likatoa alama za kuongozea: chini ya chembe 1,000 kwa kila sentimita ya ujazo kwa wastani wa siku ni kiasi kidogo, na zaidi ya 10,000 kwa wastani wa siku, au 20,000 kwa wastani wa saa moja, ni kiasi kikubwa.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba vumbi dogo kabisa laweza kuzalishwa kwa maji, kwa tanuri, kwa cheche na kwa mwali. Kwamba laweza kuhesabiwa kwa kuvikwa wingu na kugawanywa kwa umeme. Na kwamba hesabu hiyo imetuonyesha njia itokayo mapafuni hadi kwenye mishipa ya damu. Tumeona pia kwamba uzani, idadi na eneo la uso ni maswali matatu mbalimbali, na kwamba anayejibu moja hajajibu mengine.

Kazi iliyobaki kwa wanalugha si ndogo. Mkaguzi wa afya aendapo kiwandani ambamo madini huchomelewa, au mhudumu wa kijiji aingiapo jikoni, atazungumza na watu kwa Kiswahili. Akiwa na neno moja tu, vumbi, atakachoweza kuwaambia ni kwamba lipo au halipo. Akiwa na chembenano, idadi, uzani na eneo la uso, na akijua kutenganisha la hewani na la mapafuni, ataweza kumweleza mchomeleaji kwa nini kitambaa afungacho puani humkinga na lile vumbi alionalo kuliko lile asiloliona. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu umekwisha kuhesabiwa. Yafaa na sisi tuutaje kwa jina lake, ili yule ambaye pafu lake limo hatarini asiwe wa mwisho kusikia.